Mkanda wa Pazi

Aprili 3

Nimerudi Kihonda bila mtoto. Nyumba yenyewe ni chumba na sebule, lakini leo naiona kubwa kama ukumbi wa harusi. Kiatu kimoja cha Pazi kimebaki mlangoni, kimelala kifudifudi. Nimekiokota, nikakifuta tope, halafu nikakirudisha vilevile kilivyokuwa.

Naandika kwa sababu mikono haitulii. Nilipokuwa nasoma Kilakala niliandika shajara nzima ya kuwasema wenzangu. Sasa ni mtu mzima, nina mambo mazito zaidi, ila sijaahidi kuacha kuwasema watu.

Mambo yenyewe ni haya. Binti aliyekuwa ananisaidia kulea ameondoka kabla ya Idi, kaenda kuolewa. Kiwandani tunashona sare za shule, oda kubwa, ruhusa hakuna. Yusuph, mume wangu, yuko na roli lake, leo Tunduma, kesho Mungu anajua. Kwa hiyo Pazi, mwanangu wa miaka miwili, atakaa kwa mama yangu mlimani, juu ya Mkuyuni, mpaka masika yaishe.

Na tangu niliposhuka naogopa. Masika yaliyopita Pazi alipata homa hukohuko tulipompeleka kusalimia. Mimi nilikuwa nimetangulia kurudi kazini. Mama akanyamaza, eti asinitie wasiwasi. Nilipofika nilikuta macho ya mtoto yamepinduka na mwili unaruka. Degedege. Hospitali walimwokoa, na daktari akaniambia neno ambalo nalisikia hata nikiwa kwenye cherehani: huyu mtoto joto likipanda, msisubiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mama yangu ni bingwa wa kuficha. Yeye mwenyewe sijawahi kumsikia akisema anaumwa. Alipoangukiwa na jembe kwenye mguu, alisema amechoka kidogo.

Safari hii kuna mkanda. Kituo cha afya cha Mkuyuni wana mradi wa watoto waliowahi kupata degedege. Sista Angelina, nesi wa mradi, alimfunga Pazi mkanda wa kijivu mkononi, juu ya kiwiko. Unapima joto la mwili kutwa kucha. Nyumbani kwa mama wametundika kiboksi chenye laini ya simu na kisola chake juu ya bati, hicho ndicho kinachotuma meseji, asubuhi na jioni, na wakati wowote homa ikipanda. Kwa kuwa mama hajui kusoma, tuliandikisha namba yangu, na homa ikizidi sana meseji inamfikia na Sista.

Mama aliutazama ule mkanda kwa muda mrefu. Kwetu kulikuwa na hirizi moja nyeusi iliyotulea sote. Akiumwa mmoja anavalishwa yeye, akipona inasubiri mwingine. Mimi niliivaa kwa surua, dada yangu Nasra kwa kifaduro. Ilichukuliwa na mto mwaka juzi wakati wa kufua, na mama alikaa siku kadhaa hasemi na mtu. Basi jana aliukaza mkanda wa Pazi kwa vidole vyake, akasoma bismillah yake ileile ya zamani, akampulizia mtoto kichwani. Sista Angelina alicheka. Mimi nilisikia aibu kidogo.

Aprili 4

"PAZI YUSUPH: joto 36.7. Kawaida." Nimeisoma mbele ya Winfrida, jirani yangu wa cherehani, Mbena wa Njombe asiyejua kunong'ona. "Mwenzetu mtoto wake anatuma ripoti kama mkuu wa mkoa!" Safu nzima ikaangua kicheko, na mimi pia.

Aprili 5

36.6. Kawaida. Mvua.

Aprili 7

Kawaida asubuhi, kawaida jioni. Nimegundua nikipokea meseji natulia mpaka chai, baada ya hapo naanza kuisubiri nyingine.

Aprili 9

Kutoka getini kwa kiwanda Uluguru yote inaonekana, ikipenda. Leo haikupenda. Wingu limeshuka mpaka kwenye mashamba ya vitunguu ya watu, na mlima ukijifunika hivyo, kisola hakipati jua na mtandao unakata. Meseji hakuna. Nimeshona mfuko wa shati upande wa mgongoni. Msimamizi aliuinua juu watu wauone.

Aprili 10

Mlima umejifunika. Hakuna kitu.

Aprili 11

Mlima umefunuka saa ya chai na meseji zikaja zote kwa mkupuo, kawaida, kawaida, kawaida. Nimewanunulia watu wawili mandazi kwa furaha. Winfrida alikuwa wa kwanza na wa pili.

Aprili 12

"PAZI YUSUPH: joto 38.8. Homa. Mpeleke mtoto kituo cha afya."

Niliisoma chooni, nimesimama. Nikapiga.

"Mama, shikamoo. Pazi anaumwa?"

"Marahaba. Pazi? Pazi huyu anafukuza kuku wangu. Mzima kabisa."

"Mama, mkanda unasema ana homa."

"Basi mkanda una macho kuliko mimi."

Akampa simu. Nikasikia pumzi ya mtoto, halafu, "Mama, kuku!" halafu kishindo, simu imeanguka. Nilipopiga tena akapokea mama. Nikamwambia kwa adabu yote niliyobaki nayo ampeleke zahanati ya kijijini leo hii. Akasema sawa, kwa ile sawa yake ambayo ukiipima haina uzito.

Nilitaka kumuuliza dada Nasra, maana nyumba yake na ya mama zinatazamana, lakini simu yake haipatikani. Hata ikipatikana Nasra hasemi, anapumua tu. Mume alipomwacha hakusema. Anachuma hiliki, anamenya mdalasini, anamlea mwanawe Mwinshehe aliyempita Pazi kwa miezi michache tu, basi. Wale watoto wanakula sahani moja na wanalingana hata kimo. Nikimtegemea Nasra anipe habari nitazeeka.

Aprili 13

39.1 asubuhi. Nimepiga mpaka simu yangu imekuwa ya moto.

Jioni mama kapiga mwenyewe. Walienda zahanati. Pazi amepimwa joto, hana. Ametobolewa kidole, malaria hakuna. "Nesi kaniuliza nimemleta kufanya nini. Nimeaibika, Shadia. Nimepanda mlima na mvua kwa ajili ya mtoto mzima."

Nikamwomba msamaha. Dakika hiyohiyo meseji ikaingia: 38.9. Homa.

Sasa nani mwongo?

Aprili 14

Nimempigia Sista Angelina. "Mama Pazi, tulia," alisema. "Mkanda ukilegea, au mtoto akikaa karibu na moto jikoni, unaweza kudanganya. Njia ikikauka nitapanda kuukagua." Njia ikikauka! Tuko katikati ya Aprili.

Yusuph kanipigia kutoka mpakani. Anasema mama yangu kalea watoto kabla ya betri kubuniwa. Nimemkatia simu, kisha nimejuta, kisha nimekumbuka yale macho yaliyopinduka na sikujuta tena.

Aprili 15

38.2. Mama: mzima. Namuuliza Pazi amekula nini. Ndizi. Amelala? Amelala. Mwili wa moto? Wa baridi. Anajibu kama shahidi aliyefundishwa.

Nauamini mkanda kuliko mama yangu. Nimeandika na nimeona haya, lakini ndivyo ilivyo. Mkanda haujawahi kunificha kitu.

Aprili 16

37.3. Inashuka.

Aprili 17

36.8. Kawaida! Winfrida ameimba pambio zima la kanisani kwao.

Aprili 19

Kawaida. Sasa najiona mjinga. Nimemtumia mama sukari na sabuni kwa mtu anayepanda Mkuyuni, na salamu ndefu. Kajibu kupitia mtu huyohuyo kwamba sukari imefika imelowa.

Aprili 21

Kawaida. Mlima wazi, kijani mpaka unaumiza macho.

Aprili 23

Kawaida asubuhi. Mlima umejifunika mchana. Jioni kimya.

Aprili 24

39.6.

Moja tu, ikapenya kwenye wingu, kisha kimya. Simu ya mama haipatikani. Ya Nasra haipatikani. Nimemwomba msimamizi ruhusa, akasema mpaka oda iishe. Nikamwambia mwanangu. Akasema kila mtu hapa ana mwanawe. Nimerudi nikakaa, nikashona kola moja, nikasimama. Winfrida akavuta kitambaa changu upande wake bila kunitazama. "Nenda. Akija kuuliza nitasema umeenda kujisaidia." Kesho asubuhi naondoka. Leo hakuna gari linalokubali ile barabara.

Aprili 27

Nitaandika yote, polepole, nikiwa bado nimekaa kwenye benchi la hospitali ya mjini.

Gari lilinifikisha Mkuyuni. Bodaboda ikanifikisha kwenye kijito cha chini ya kwetu, hapo maji yamekula kivuko, nikavua viatu. Nikapanda. Kichwani nilikuwa nishamaliza kila kitu: nishafika, nishakuta watu wamekaa mikekani uani, nishasikia kilio. Nilikuwa namchukia mama yangu. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Kila hatua nilikuwa natunga maneno ya kumwambia, na yalikuwa makali, na yalinipa nguvu ya kupanda.

Kisha nikaingia uani, na Pazi akatoka nyuma ya banda la kuku, uchi, tope mpaka masikioni, anacheka.

Nilimdaka. Paji la uso lake lilikuwa baridi kama mtungi. Nikamgeuza mkono huu, nikamgeuza ule. Hana mkanda.

Mama akatoka jikoni anafuta mikono. Sikumwamkia. Katika maisha yangu yote sijawahi kufika mbele ya mama nisimwamkie.

"Mkanda uko wapi?"

"Na wewe shikamoo umeiacha Kihonda?"

"Mama! Mkanda uko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya Nasra.

Ndani kulikuwa na giza la mvua. Nasra alikuwa ameketi chini, ameegemea kitanda, Mwinshehe mapajani. Mkanda wa kijivu ulikuwa mkononi mwa Mwinshehe, juu ya kiwiko, umefungwa vizuri kabisa kama alivyoufunga Sista Angelina. Niligusa shavu lake nikaurudisha mkono haraka. Alinitazama bila kuniona.

"Mlinidanganya," nikasema, na sauti yangu niliisikia ndogo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Nani kakudanganya? Ulipiga ukauliza Pazi anaumwa. Nikakwambia Pazi mzima. Pazi si huyo umembeba?"

"Na Mwinshehe?"

"Hukumuuliza."

Nimepiga simu siku zile zote, nikauliza mtoto amekula nini, kalala vipi, mwili wake ukoje, na mtoto wa dada yangu anaungua hatua ishirini kutoka kwenye simu, na sikumtaja hata kwa salamu.

"Kinga anavaa mwenye kuumwa," mama akasema, sasa kwa upole, kama anamweleza mtoto. "Pazi hakuwa na kitu. Ningemwachiaje Pazi na huyu anateseka? Wewe ulipopata surua Nasra ndiye aliyeivua ile hirizi akakupa. Alikuwa bado anakohoa."

Nasra akazungumza. Alisema Mwinshehe alipoanza homa ile mara ya kwanza alimpeleka zahanati siku moja kabla ya Pazi, wakakuta malaria, wakampa dawa mseto. Homa iliposhuka akaacha kumpa. Vidonge vilivyobaki alivifunga kwenye kitambaa akaviweka juu ya kabati.

"Kwa nini uliacha, dada? Dozi inamalizwa."

"Nilimwekea Pazi," alisema. "Najua unavyoogopa. Nikasema akishikwa na homa, hata mvua ikikata njia, dawa iwepo."

Nilikaa chini. Halafu nikasimama, maana hapakuwa na muda wa kukaa chini. Nilimwambia Nasra amfunge mgongoni, tunashuka sasa hivi. Nilitegemea mama abishe. Kuna bibi wa jirani alikuwa ameshaingia, anasema mtoto wa moto namna hii akichomwa sindano harudi, apigwe kwanza moshi wa dawa. Mama alimtazama, akachukua mwavuli wake uliovunjika mbavu. "Moshi tutapiga akirudi," akasema. "Twendeni, msisimame." Kisha akambeba Pazi akampakatisha yuleyule bibi wa jirani. "Na wewe kaa na huyu."

Katikati ya mteremko Nasra akasimama. "Anatetemeka," akasema. Haikuwa kutetemeka. Tukamshusha kwenye majani ya migomba, mama akatufunika kwa mwavuli. Macho yakapinduka, yaleyale. Nasra alikuwa anataka kumpenyeza kidole mdomoni asijing'ate, nikamshika mkono. Nilimlaza ubavu, nikafungua nguo, nikawa namwita jina. Mwaka jana sikujua lolote, nilikuwa napiga kelele tu. Sasa nilikuwa najua, na kujua hakukunisaidia kuacha kuogopa. Nasra hakulia. Alikuwa ananishika kanga kwa nyuma, kwa ngumi, kama nitamkimbia.

Kukatulia. Tukaendelea. Kwenye kijito mama alituvusha mmoja mmoja, anajua kila jiwe hata likiwa chini ya maji. Bodaboda yangu ilikuwa bado ipo, kijana kaamua kusubiri mvua. Akampandisha Nasra na mtoto, mimi na mama tukakimbia. Mama yangu mwenye miaka sitini na kitu alikimbia peku kwenye ile barabara, na alifika kabla yangu.

Sista Angelina alikuwa mlangoni kwa kituo cha afya amevaa mabuti. Meseji ya 39.6 ilimfikia na yeye, alijaribu kupanda jana yake, kijito kikamrudisha. Aliuona mkanda, akamtazama mtoto usoni.

"Huyu si Pazi."

"Ni Mwinshehe," mama akasema, anahema. "Ni mwanetu vilevile."

Hakuuliza tena. Walimtundikia dawa, wakaita gari la wagonjwa, tukaja mjini. Malaria imepanda kichwani, damu imepungua. Nimepimwa, damu yangu inamfaa. Wakati inatoka nilikuwa naitazama ile mirija na kuwaza ujinga mmoja tu: kwamba hii sasa haina jina la Pazi wala la Mwinshehe.

Nasra amelala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe. Mama yuko nje, anaswali. Mvua haijakata.

Aprili 28

Hajaamka.

Aprili 29

Hajaamka. Joto limeshuka. Kila nesi akipita na kipimo nasimama kama mwanajeshi.

Aprili 30

Kafumbua macho alfajiri, akaomba maji. Kisha akauliza, "Pazi?" Nasra kaniangukia begani, na yule dada yangu asiyesema alilia kwa sauti mpaka wodi nzima ikanyamaza.

Mei 4

Mwinshehe hawezi kusimama. Miguu inamsaliti, anakaa chini na kushangaa. Daktari anasema inatokea, itarudi, apewe muda. Nasra anasema Alhamdulillah kwa kila kitu, hata kwa uji. Mimi sijafika huko. Namwangalia akitambaa upya na nahesabu zile meseji zote nilizokuwa nazo mkononi, nimezisoma vizuri kabisa, na nimezielewa vibaya.

Mei 6

Sista Angelina amekuja hospitali. Alikaa kwenye benchi, akaugeuzageuza mkanda mkononi. Wakubwa wa mradi wamesema taarifa za Pazi zimeharibika, kwa hiyo ametolewa kwenye hesabu zao. Mkanda na kiboksi vitachukuliwa njia ikikauka.

"Nilieleza kila kitu," alisema. "Jinsi ya kuuosha, jinsi ya kuufunga. Sikusema asivalishwe mtoto mwingine. Sikuwaza kama kuna mtu angefanya hivyo."

"Kwetu kila mtu angefanya hivyo," nikamwambia. Nilishangaa kusikia naisema kwa kujivuna.

Akaniachia ule mkanda. "Mpaka njia ikauke," akarudia.

Mei 9

Tumempandisha Mwinshehe nyumbani. Mimi nilikuwa nimekuja na begi la kumchukulia Pazi. Mama, aliyekuwa ametangulia kurudi kukaa na Pazi, aliliona, akaanza kukunja nguo za mtoto. Alizikunja vizuri sana. "Mchukue," akasema. "Ni mwanao. Mimi nimekuogopesha." Tangu niko mdogo sijamwona mama akiinamisha kichwa mbele yangu, na sikupenda kabisa.

Watoto walikuwa uani. Mwinshehe anatambaa, na Pazi, ambaye anaweza kukimbia, naye kaamua kutambaa, bega kwa bega, kumfuata.

Nikazifungua zile nguo nikazirudisha kwenye kamba. "Masika hayajaisha," nikamwambia. Jioni tulimfunga Pazi mkanda. Nikamweleza mama polepole kwamba hautibu, unasema tu. Kwamba atakayeuvaa mimi nitamsikia. "Kumbe ni mdomo," akasema. "Nilidhani ni ngao." Kisha akanitazama kwa ule utani wake. "Na wewe ukisikia, uulize vizuri."

Mei 12

Kazini. Msimamizi kanihamishia kwenye vifungo, adhabu yangu. Winfrida alinishonea sare zangu siku zote zile, na sasa anadai pambio la shukrani, kwa sauti, kwa Kiluguru.

Mei 13

36.5. Nimepiga. "Mama shikamoo, watoto wazima?" Ananipa wote wawili kwa zamu, kisha kuku, kisha mbuzi wa jirani.

Mei 17

Kawaida. Mlima wazi asubuhi, umejifunika jioni. Simu ikilia bado naidaka.

Mei 20

Nasra kapiga mwenyewe! Mwinshehe amesimama kwa kushika ukuta. Aliongea mpaka salio lake likaisha, habari za hiliki, za mtoto, za mume aliyemwacha, mambo ya miaka mitatu. Kumbe alikuwa anasubiri kuulizwa.

Mei 24

Kawaida. Nimemuuliza mama naye anaendeleaje, sauti yake naisikia nzito. Mzima. Vumbi tu. Vumbi, mwezi wa tano!

Mei 27

Mvua zinapungua. Sista Angelina anasema wiki ijayo anapanda kuchukua vifaa.

Mei 29

Jioni, natoka getini, meseji imeingia.

"PAZI YUSUPH: joto 38.7. Homa. Mpeleke mtoto kituo cha afya."

Safari hii nilisimama pembeni ya geti, nikaacha watu wapite kabla ya kupiga.

"Shikamoo mama. Leo mkanda umevaliwa na nani?"

Nikasikia matone kwenye bati la kwetu, na mbali kidogo watoto wanagombana.

"Watoto wazima," alisema. "Mwinshehe leo kavuka kizingiti bila kushika kitu. Pazi kala viazi viwili, kamnyang'anya mwenzake na cha tatu."

"Mama. Sijauliza watoto."

Akakohoa. Alikohoa muda mrefu, akiwa ameiweka simu mbali nisisikie, na nikasikia.

"Umenibana," akasema. "Haukunienea mkononi, nimeunga na uzi."

"Nasra anajua?"

"Hajui. Ana kazi nyingi."

Nikamwambia nakuja. Nikasubiri aseme usije, njia mbaya, mimi mzima, nimechoka kidogo tu.

"Njoo na mwavuli," mama akasema. "Wangu umevunjika."